Nakala Mbili za Ukuta wa Kabeza

Biryogo, Kigali
Mei 1992

Baba,

Nina jambo la kukuungamia, na ningekuwa na moyo ningelisema ungali hai. Ule mkataba wa ukuta wa Kabeza, wa mwisho uliouwekea dole gumba, nakala zake mbili hazikufanana. Uliniuliza, nikakujibu zinafanana. Nilikudanganya, Baba.

Unaikumbuka siku yenyewe. Tulikuwa uani kwa Bwana Anastazi, mwenye nyumba, wewe umekaa juu ya mfuko wa simenti unanitajia masharti, mimi naandika juu ya goti. Karatasi ya kaboni imekuwa adimu tangu vita vianze, kwa hiyo kila neno nililiandika mara mbili. Bwana Anastazi hakuacha kutazama saa yake, na mimi nilikuwa nawaza kile kizuizi cha barabara ya Kanombe, kwamba tukichwewa tutaulizwa maswali. Ukataja majina na mitaa. Alipotaka tuandike na kabila kama ilivyo kwenye vitambulisho, ukamwambia, "Kabila haibebi jiwe, bwana. Jina inatosha." Nilikupenda sana saa ile, na niliogopa vilevile.

Kisha ukafika kwenye sharti lako la saba, la mvua. Ukuta wa kuzuia udongo unabaki mkononi mwa fundi mpaka upigwe na mvua kubwa tatu, na mwenye nyumba haruhusiwi kuweka uzito nyuma yake kabla ya hapo. Kwenye nakala yetu niliandika. Kwenye nakala yake nilipofika la sita mkono ulikuwa unauma, na Bwana Anastazi anacheka, "Mzee, na mvua nayo itasaini wapi?" Nikaona haya. Mimi niliyefika sekondari kwa jasho lako, nikaona haya kwa ajili yako na mvua zako. Nikapiga mstari chini ya la sita, nikakusogezea wino.

"Zinafanana?" Uliuliza hivyo kila mkataba, miaka yote.

"Zinafanana."

Ukabonyeza dole mara mbili, ukalifuta kwenye suruali.

Ulipoanguka kitandani, mawe yalikuwa yamekwisha kupangwa, kumebaki kujaza nyuma. Siku ambayo Baba Mdogo Saidi aliuacha ukuta akawa nasi hospitali, vibarua wa Bwana Anastazi wakajaza upande wa kushoto kwa udongo mtupu, badala ya mawe madogo na changarawe unavyotaka wewe ili maji yapate njia. Hatukujua. Tulikuwa tunakuuguza, kisha tukakuzika.

Hata arobaini yako haijafika, Bwana Anastazi akaja Biryogo na karatasi ya makabidhiano. Nisaini kwa niaba yako kwamba ukuta umekwisha, sasa ni wake. Anataka kujenga vyumba vya kupangisha pale juu, na matofali ameshayapanga lundo zima nyuma ya ukuta. Baba Mdogo akaninong'oneza, "Saini, mwanangu. Ukishakuwa wake, ukianguka ni wake." Hakusema kwa ubaya. Kabla ya makabidhiano lawama zote ni zetu, na siku hizi si siku za kuitwa na wakubwa kujieleza.

Ningesaini, Baba. Kalamu nilikuwa nimeishika. Kilichonizuia ni neno la Mama Vestina, yule anayekaa chini ya ukuta, aliyekuwa akikuletea uji wa mtama. Alipokuja msibani aliniambia, kama habari ya kawaida tu, kwamba mvua ya kwanza ya masika ilipopiga, matundu ya ukuta ya upande wa kulia yalitoa maji, ya kushoto yalikuwa makavu. Chini ya huo upande wa kushoto ndipo kilipo chumba wanacholala watoto wake wanne. Maji yasipotoka, yako wapi? Jibu nililijua, yako nyuma yanausukuma ukuta, maana nimekusikia ukiwagombeza vibarua kwa jambo hilo tangu sijaota meno. Nikaweka kalamu chini.

Kesho yake tukaenda Kabeza, mimi na Baba Mdogo. Kizuizini askari aliufungua mkataba, akausoma polepole, akalitazama dole lako, akauliza mwenye dole yuko wapi. Nikasema amekufa. Akaukunja, akaurudisha.

Bwana Anastazi alitoa nakala yake, akaiweka kando ya yetu juu ya matofali. Akasoma yetu mara mbili. Kisha akaita majirani.

"Karatasi yangu haiko na mvua ndani! Hii maneno muliongeza kisha mzee kufa. Munataka kunifunga na ukuta yangu mwenyewe!"

Baba Mdogo akawaka, akaapa kwamba ndugu yake hajaongeza neno kwenye karatasi ya mtu maisha yake yote. Watu wakaanza kunong'ona. Juu yako, Baba. Juu yako wewe! Ningenyamaza, ungebaki ubishi wa karatasi mbili na jina lako katikati. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Hatukuongeza. Mimi nilipunguza."

Nikaeleza yote palepale, saa yake, kizuizi, haya yangu. Baba Mdogo alinitazama kana kwamba hanijui. Hilo liliniuma kuliko kelele zote za Bwana Anastazi.

Kisha nikamwonyesha sahihi yake chini ya sharti la saba, kwenye nakala yetu. Alisaini zote mbili bila kusoma, macho kwenye saa. Akasema tutaonana ofisini, komini. Mama Vestina hakungoja komini. Alishuka kwake akaanza kutoa magodoro ya watoto, moja moja, mbele ya watu wote.

Mvua ilipiga alasiri hiyohiyo. Tukajibanza barazani kwa Mama Vestina, na Bwana Anastazi pamoja nasi, kwa sababu alitaka kuona kwa macho yake. Kulia maji yalikuwa yanamwagika. Kushoto, hata tone. Ilipopungua, Baba Mdogo akatoa timazi yako, ile yenye kamba uliyoipaka nta, akapanda juu akaishusha. Ukuta ulikuwa umetoka tumbo, vidole vitatu. Bwana Anastazi aliinama akapima kwa vidole vyake mwenyewe. Hakuniomba radhi. Aligeuka akawafokea vibarua waondoe matofali, "Vuba! Haraka!" na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeogopa.

Upande wa kushoto tuliubomoa, tukatoa udongo, tukajaza mawe, tukajenga upya. Mvua nazo tukazihesabu upya. Kila wingu lililopanda nilikosa hamu ya kula. Ya tatu imepiga jana mchana. Mama Vestina alisimama chini, kanga kichwani, akapiga kelele, "Inatoka! Yote inatoka!" Nikalia, Baba. Tangu nikuzike nilikuwa sijalia vizuri, nilikuwa na kazi ya kuogopa.

Leo asubuhi nimerudi Kabeza, na Bwana Anastazi ameleta nakala yake pale uani. Nimeandika sharti la saba chini ya ule mstari wangu, akalisoma, kidole kwenye kila neno, akasaini. Halafu ndipo nikasaini makabidhiano, na pale palipokuwa pa dole lako nikaandika jina langu. Baba Mdogo bado hanitanii kama zamani. Mafundi wengine niliokuwa nikiwaandikia, waliosikia habari, wamepeleka mikataba yao kwa waandishi wengine, na siwezi kuwalaumu.

Waliobaki nimewaahidi, na wewe nakuahidi: kila nakala nitaisoma kwa sauti, zote mbili, mwanzo hadi mwisho, kabla mtu hajagusa wino. Hata mwenye nyumba awe na haraka kiasi gani. Hata mkono ukiuma.

Lala salama, baba yangu, Mungu akupanulie kaburi. Kabla ya kuondoka Kabeza niliziweka nakala zote mbili pamoja nikazisoma neno kwa neno, nikiwa nimekaa palepale ulipokaa wewe.

Zinafanana.

Mwanao,
Zuhura