Kimya cha Sitaha ya Kumi na Mbili

Jumatatu, 8 Aprili

Taulo zimekunjwa. Maji ya barafu na vipande vya tango mezani. Mito nimeikung'uta vumbi, ingawa huku baharini hakuna vumbi. Kazi ya asubuhi imekwisha kabla mgeni wa kwanza hajafika.

Sehemu yangu iko sitaha ya kumi na mbili, mbele kabisa ya meli, nyuma ya mlango wa kioo. Kibao kinasema watu wazima peke yao, kimya tafadhali. Hakuna muziki, hakuna simu, hakuna mtoto. Wageni wanalala juani na mimi napita kati yao na viatu vya soli laini. Nikisema na mtu nanong'ona. Miezi saba sasa nanong'ona. Nyumbani Sindo nilikuwa nauza omena, dagaa wetu, sokoni, na waliokuwa kwenye mitumbwi ziwani walinisikia nikiita wateja.

Tumetoka Karibea jana. Siku saba za maji matupu mpaka Ureno.

Naandika Kiswahili kwa sababu Liza, Mfilipino ninayekaa naye chumba kimoja, hawezi kukisoma. Kidholuo nakiongea tu. Nikikiandika kinanitoka vibaya.

Jumanne, 9 Aprili

Ujumbe kutoka kwa Benta, dada yangu wa Migori. Alienda Sindo kumsalimia mama akamkuta Awino kitandani. Miguu na mgongo. Binti yangu ana miaka minane, na selimundu, ugonjwa wa damu, amezaliwa nao. Maumivu huja, huondoka. Mama anajua la kufanya: maji mengi, kitambaa cha moto, dawa kwa wakati.

Nimejiambia hivyo mchana kutwa. Sikuamini.

Jumatano, 10 Aprili

Mtoto aliingia kwangu leo. Msichana wa miaka sita hivi, nywele zinachuruzika maji ya bwawa. Alikuwa amemfuata babu yake, na babu alikuwa amelala fofofo. Nilipaswa kumshika mkono nimtoe. Nilimpa taulo nikamwacha akae sakafuni karibu na mzee. Akawa anaimba peke yake, chini kwa chini. Sikumkataza. Nilisimama namsikiliza.

Mama mmoja aliinua kichwa, akaniangalia, akatoka kwenda kushtaki.

Msimamizi wangu, Bwana Stefan, aliniita. Si mtu mbaya. "Judith, wageni wanakuja pale kwa kitu kimoja tu," alisema. "Wape hicho." Onyo la maandishi. Nikatia sahihi. Nikaomba msamaha, na hilo ndilo linaloniudhi. Niliomba msamaha kwa sababu mtoto aliimba.

Alhamisi, 11 Aprili

Awino amelazwa hospitali ya Homa Bay. Damu imepungua sana. Benta yuko naye wodini. Mama amerudi Sindo kuchukua nguo.

Benta alinitumia sauti ya Awino. Niliisikiliza kwenye stoo ya taulo, simu nimeibana sikioni. Stoo haina mlango, ina pazia. "Mama, miguu inauma. Anti Benta amesema uko kazini. Niongeleshe."

Nikarekodi jibu. Nilinong'ona, maana upande wa pili wa pazia watu walikuwa wamelala. Nikamwambia niko hapa, asiogope, anywe maji, akubali sindano.

Baada ya dakika kama kumi akajibu. "Mama, sisikii. Sema kwa nguvu."

Mlango wa kioo ulikuwa hatua ishirini. Ningetoka. Nilikuwa na onyo la jana mfukoni, nikangoja mapumziko. Saa nzima nilibeba maji ya tango. Nilipopata nafasi nikashuka hadi kule wanakofungia kamba za meli, nikasema kwa sauti yangu yote. Nikarudia. Nikarudia tena. Jumbe tatu, na hakuna hata mmoja uliokwenda. Mtandao ulikuwa umekufa.

Ijumaa, 12 Aprili

Hakuna mtandao. Wenzangu wanasema ni kawaida katikati ya bahari. Wanasema hivyo huku wakila.

Nimemwomba Bwana Stefan niteremke. Akaniuliza, niteremke wapi? Hakuwa ananicheka. Alinionyesha dirishani. Maji.

Nimekunja taulo. Nikazikunjua. Nikazikunja.

Jumamosi, 13 Aprili

Waliniita ofisini asubuhi. Wakala wa ajira wa Nairobi ameandika. Benta ndiye aliyempigia.

Awino amefariki. Jana alfajiri.

Afisa aliisoma barua taratibu, kisha akaisoma tena kana kwamba sikuelewa. Nilielewa mara ya kwanza. Bwana Stefan akasema nikapumzike. Sikujua pa kupumzikia. Liza alikuwa chumbani amelala baada ya zamu, na kuta zetu ni nyembamba, ukikohoa mtu wa chumba cha tatu anakuambia pole. Kwetu ukipata habari kama hii unapiga nduru, boma la mbali linasikia, watu wanaacha majembe wanakuja. Nimezunguka meli yote nikitafuta mahali pa kulia. Bwawani watoto. Ngazini wageni. Stoo ya mboga, mpishi.

Nikarudi kazini.

Mchana mzee mmoja alinishika mkono. Alinishukuru. Alisema hajawahi kupata utulivu kama huu maishani mwake. Nikamjibu karibu tena.

Jumapili, 14 Aprili

Ureno. Nimeteremka. Bwana Stefan alinibebea mkoba mpaka chini ya ngazi. Liza alilia. Mimi bado. Najiogopa.

Jumatano, 17 Aprili

Benta alinipokea uwanja wa ndege Kisumu. Amekonda. Tukaenda Homa Bay. Pale akaniuliza kama nataka kumwona Awino kabla ya kumchukua kesho. Nikasema ndiyo.

Walikuwa wamemvisha sweta ya shule. Imekuwa fupi mikononi. Sikujua amerefuka hivyo. Nilimwita jina, na nikajisikia nanong'ona. Mhudumu wa mochari alikuwa amesimama nje, hakuna aliyenikataza. Nilinong'ona tu.

Sindo tulifika jua linaelekea ziwani. Wanawake walikuwa langoni. Mama aliyefiwa husikika kabla hajaonekana, kila mtu anajua hivyo, na walikuwa wamenyamaza ili wanisikie. Nilishuka garini nikatembea. Nilifungua mdomo. Hewa. Nikajaribu tena. Hewa.

Mama akanijia akanishika mabega. "Lia, nyathina, mwanangu," alisema. "Mtoto wako amekufa. Lia." Nikashindwa. Akalia yeye kwa ajili yetu sote wawili, na wanawake wakamfuata, na mimi nikasimama katikati yao mdomo wazi kama samaki.

Shangazi Peres alisema nyuma yangu, bila kujificha, "Wazungu wamemharibu. Hana uchungu."

Ninao. Sina pa kuutolea.

Jumamosi, 20 Aprili

Tumemzika. Walimu walileta darasa lake zima, wamepangwa mistari. Mhubiri alizungumza muda mrefu kwa spika. Watu waliutazama uso wangu kuliko jeneza. Sikulia.

Miguu yangu ilikuwa baridi. Nakumbuka hilo tu.

Jumapili, 21 Aprili

Wanawake wakinisalimia wanaanza, "Min Awino," mama Awino, halafu wananyamaza. Hawajui sasa waniite nani. Mimi pia sijui.

Jumatano, 24 Aprili

Benta amerudi Migori. Duka lake la mitumba limefungwa wiki mbili, na watoto wake wako kwa jirani.

Kabla hajaondoka nilimuuliza Awino alisema nini mwishoni. Hakutaka. Nikamwambia asiponiambia nitajitungia mwenyewe, na nitakayojitungia yatakuwa mabaya zaidi. Tulikuwa jikoni, ameshika sufuria. Akaiweka chini.

Alisema Awino alishika simu kifuani jioni yote. Kila baada ya muda anauliza, mama amejibu? Benta anamwambia bado. Mwishowe akamdanganya. Akamwambia, "Amejibu. Amesema anakuja." Awino akasema, "Basi acha nilale."

"Nilimdanganya mtoto, Judy," Benta alisema. "Sijui kama nilifanya vibaya."

Nikamwambia alifanya vizuri. Nadhani ndiyo. Angenidanganya na mimi ningeshukuru.

Kisha akanionyesha simu. Jumbe zangu tatu zilifika Jumamosi. Zilichelewa siku moja. Hajazifungua. Hakuna aliyezifungua. Akaniuliza afanye nini nazo. Nikamwambia afute. Alitazama uso wangu kwanza, akangoja nibadilishe nia, kisha akafuta, mmoja, wa pili, wa tatu.

Gari lilipoondoka nilikwenda nyuma ya choo nikatapika. Hilo ndilo lililotoka.

Ijumaa, 26 Aprili

Wakala ameandika. Anatoa pole. Nafasi yangu ipo mpaka mwezi wa sita, meli ile ile, sitaha ile ile. Anasema wageni waliacha maoni mazuri juu yangu. Mmoja ameandika kwamba mhudumu yule humsikii kabisa, ni kama hayupo.

Nimesoma mara nyingi. Sijajibu.

Mama anajua kuna barua. Hajauliza. Yeye ndiye aliyeniambia niende mwaka jana, akasema mtoto atamlea, na nilimwachia. Hatujalizungumza hilo. Kila mmoja analibeba upande wake wa nyumba.

Jumamosi, 27 Aprili

Sikuamka. Mama alileta uji, akauchukua umepoa.

Jumanne, 30 Aprili

Mvua imelainisha shamba. Mama alitoka na jembe asubuhi bila kuniita. Nikasikia linavyogonga ardhi. Nikavaa gauni lake la zamani nikamfuata.

Tumechelewa. Mahindi ya majirani yamefika magotini. Yeye alichimba, mimi nilitia mbegu na kufukia kwa mguu. Mistari sita. Mgongo unauma. Shangazi Peres alipita njiani na mbuzi wake, akasimama kidogo, akasema mos, pole, akaendelea. Nikamjibu.

Mchana tulikula nyoyo ya mahindi na maharagwe, mahindi yamezidi. Mama alisema mbegu zimebaki kidogo, zitatosha kule karibu na ua. Nikasema sawa. Barua ya wakala bado sijaijibu.

Sasa amejilaza mkekani, mikono bado ina udongo. Mlango uko wazi. Kuku wanaingia na kutoka. Siwafukuzi.