Mwenye Nyumba Hayupo

Butimba,
Mwanza.
17 Machi 2024

Mpendwa mdogo wangu Jonathan,

Shikamoo uliyoniandikia mwanzoni mwa barua yako nimeipokea: marahaba. Naipokea kwa mikono miwili, kwa kuwa ukishasoma haya huenda usinipe nyingine. Natumaini wewe, Precious na watoto hamjambo, na kwamba baridi ya Saskatoon imeanza kulegea. Kifua chako je? Huku sisi ni wazima wa mwili. Mvua zimewahi mwaka huu, na mawe ya mlimani nyuma ya nyumba yameota ukoga.

Mama yako, ambaye nitaendelea kumwita mama mdogo kama nilivyozoea, anakula vizuri. Presha yake ilipimwa Jumatano na haikuwa mbaya. Analala hapa kwangu, chumba cha mbele, kile ambacho dirisha lake linatazama bomba. Umeniuliza kama analia. Halii. Ningependa alie.

Sasa nije kwenye barua yako. Umeandika kwamba yule binti aliyeandikisha nyumba za Nyamhela ama alihongwa ama ni mjinga, na kwamba umemwagiza wakili amshitaki. Nakuomba usimame hapo. Binti huyo anaitwa Dorcas. Nilimfundisha mbinu za utafiti kwa miaka mitatu, na sijapata kuwa na mwanafunzi mwaminifu kumzidi. Alifanya neno kwa neno kile alichoelekezwa na dodoso. Dodoso lile niliandika mimi.

Nimechagua barua badala ya simu kwa sababu kwenye simu mtu hujitetea kwa sauti. Karatasi inanilazimu kupima.

Unaikumbuka hali ilivyokuwa. Sisi wa milimani tulikuwa tukiamka kutazama ziwa lote likimeta chini yetu, huku ndoo zikiwa tupu jikoni. Wanawake walipanda majabali na madumu vichwani, na kila mwaka kipindupindu kilichagua mitaa ileile. Ulipokuja mpango wa kujenga mtambo wa maji ufukweni Nyamhela, niliuunga mkono, na leo bado nauunga mkono. Hili ndilo linalonivunja moyo, mdogo wangu: sina adui wa kumchukia. Serikali haikuwa na fedha, ikakopa. Mkopo ulikuja na tarehe: eneo lisipokuwa tupu kufikia mwisho wa Juni, mkataba unafutwa. Nchi tajiri ingeweza kungoja mwaka mmoja ili kumtafuta kila mjane. Sisi tulipewa wiki sita.

Niliombwa kutengeneza dodoso la kuwatambua watakaohamishwa, nikakubali. Rasimu ya Kiingereza niliyopewa ilitaja mtu anayemiliki nyumba au anayekaa humo. Nilizunguka na neno hilo kwa siku mbili. "Mmiliki" lilinuka ofisi. "Mkazi" lingemwingiza hata mpangaji wa mwezi mmoja. Nikachagua "mwenye nyumba", Kiswahili safi kinachoeleweka na kila mtu, na kwenye kikao nilisifiwa kwa chaguo hilo. Swali la sita likasomeka hivi: "Je, mwenye nyumba yupo?" Chini yake niliandika maelekezo: "Kama jibu ni HAPANA, ruka hadi swali la 19."

Dorcas alifika kwenu Nyamhela asubuhi ya Jumanne. Mama mdogo alikuwa akianua dagaa. Baada ya salamu binti akauliza swali la sita kama lilivyo, na mama mdogo akajibu kama ambavyo amejibu kila mgeni kwa miaka kumi na mmoja tangu baba mdogo Machibya afariki:

"Mwenye nyumba hayupo."

Wewe na mimi tunajua maana ya jibu hilo. Mwanamke mzee anayeishi peke yake hamwambii mgeni kwamba mumewe amekufa. Humwambia kwamba hayupo, ili mgeni adhani atarudi. Kwetu ajuza wa peke yake ana sababu nyingi za kutojitangaza. Tena maishani mwake mama mdogo hajapata kujiita mwenye nyumba, hata siku moja. Mimi nililelewa ndani ya nyumba ile kuanzia darasa la tatu. Nilimsikia akijibu hivyo hata baba mdogo alipokuwa hai, akiwa amekwenda mnadani. Kati ya watu wote walioketi kwenye kile kikao, ni mimi peke yangu niliyepaswa kujua.

Dorcas aliruka. Maswali aliyoyaruka yalihusu watu wanaolala humo, mipaka, miti na makaburi. Kaburi lilikuwa swali la kumi na nne.

Baba yako, kama unavyojua, alilala pembeni mwa zizi, chini ya mawe saba uliyoyapanga kwa mikono yako kabla hujasafiri. Tulikubaliana kulijengea ukirudi. Silitaji hili ili kukulaumu. Nalitaja kwa sababu umeuliza dereva wa tingatinga alikuwa na moyo gani. Mwanza mawe ni mengi, Jonathan. Angejuaje kwamba haya saba yalikuwa mtu? Juu yake sasa limesimama tangi la kuchujia maji. Nimekwenda, nimepima kwa hatua kutoka kwenye ule mkuyu uliobaki. Sina shaka.

Bado kuna jambo moja, na ningeweza kulificha, kwa maana hakuna anayelijua. Majina ya wenye nyumba wasiokuwepo yalibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata kwa siku thelathini, ili wajitokeze kudai haki yao kabla nyumba hazijabomolewa. Mama mdogo hasomi. Mimi nilikuwa Dodoma nikiwasilisha ripoti, nikieleza kwa fahari kwamba asilimia tisini na sita ya kaya zilikuwa zimefikiwa. Kabla ya safari, majalada yote yalikuwa mezani pangu. Nililiona lililoandikwa Machibya. Sikulifungua. Niliogopa kuitwa mpendeleaji wa ndugu. Maisha yangu yote nimewafundisha vijana kwamba nchi yetu inaliwa na watu wanaofungua majalada ya ndugu zao. Nikaliweka chini ya mengine, nikajiona mwadilifu.

Nilipomfuata mama mdogo, nyumba ikiwa imeshabomolewa, alikuwa ameketi juu ya gunia la mtama kando ya barabara, na kuku wawili mapajani. Nikamuuliza kwa nini hakunipigia simu walipokuja na alama nyekundu. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Si uko humohumo kwenye mradi, Teodora? Nilijua lingekuwa na ubaya ungesema."

Sijui kama ningeweza kubeba tusi. Imani ile sijaweza kuibeba mpaka leo.

Kuhusu kesi: wiki iliyopita niliapa hati ya kiapo mbele ya wakili, nikaeleza yote niliyokueleza hapa, pamoja na habari ya jalada. Itumie. Litaje jina langu, uliache la Dorcas. Wakili anadhani haki ya nyumba inaweza kupatikana. Kuhusu kaburi, anasema njia pekee ni kuiomba mahakama isimamishe mtambo ili pafukuliwe. Nilimweleza mama mdogo jambo hilo taratibu, mara mbili. Alicheka, cheko la kwanza tangu aje kwangu.

"Watoto wa mlimani walale na kiu kwa sababu ya Machibya? Atanisema huko aliko. Mwache."

Uamuzi ni wenu, wewe na yeye. Mimi nimepoteza haki ya kushauri.

Maji hufika kwetu siku nne kwa wiki, alfajiri. Bomba hukohoa kwanza, hutema upepo, ndipo maji huja. Siku ya kwanza mama mdogo alitoka, akashika ukingo wa ndoo hadi ikafurika. Tangu hapo hakuna anayemtangulia bombani. Juzi niliamka mapema, nikasimama nyuma ya pazia. Bomba lilipoanza kukohoa, aliinama, akaweka kiganja chini ya maji, na nikamsikia akisema, kama anayemjibu mtu aliyebisha hodi:

"Yupo."

Nisalimie Precious, na umbusu Alia kwa niaba ya bibi yake. Kaka Shimba wa Nyegezi anakusalimu, na jirani yetu Mzee Chandulal anauliza kila Ijumaa kama umepata kazi ya kudumu. Mama mdogo anakutumia baraka zake zote, na anasema uvae vizuri kifuani. Mungu akulinde huko, na akupe utulivu ambao mimi siustahili kukuombea.

Dada yako akupendaye, utakaponijibu na hata usiponijibu,

Teodora