Kamba za Manowari ya Baba

Jumanne, 3 Februari 2009
Baba kakataa kuoga tena. Siku ya tatu. Nimemfuta kwa kitambaa, akanibana mkono hadi nikaogopa. Ana miaka themanini na sita, vidole bado vya chuma. Basi la kwenda kazini Malton limeniacha. Nimefika ghalani nimechelewa. Msimamizi alitazama saa tu.

Jengo la ng'ambo ya barabara linabomolewa. Nyumba zote za zamani hapa mtaani kwetu Regent Park zinaondoka, yetu itafuata. Kila ukuta ukianguka madirisha yanatetemeka.

Alhamisi, 5 Februari
Nimerudi kazini nikamkuta Baba sakafuni nyuma ya kochi, mikono kichwani. Binti yangu Leila amekaa kando yake, analia. Anasema kishindo kiliposikika babu yake alianza kumfokea, alete makombora upesi. Neno hilo hakulijua. Nimemweleza.

Wakati wa vita vya pili vya dunia Baba alikuwa mpishi kwenye manowari ya Waingereza, iliyotia nanga bandari ya Kilindini, Mombasa. Ndivyo tulivyoambiwa nyumbani. Alitusimulia mabaharia wa kizungu waliolia machozi kwa pilipili zake. Makombora hakuwahi kuyataja.

Jumapili, 8 Februari
Leo hawabomoi. Baba yuko sawa, akili imetulia. Nimemuuliza wazi. Nilidhani atanifukuza. Amesema, "Kaa."

Manowari yao ilikuwa ndogo, nyepesi, ya kasi. Kazi yake kulinda meli za mizigo baharini. Chai, mafuta, ngano, askari. Wiki nzima wanazunguka msafara wa meli kama mbwa wa mchungaji, bila kuona adui. King'ora kikilia, wapishi wanaacha sufuria na kupanga mstari kupitisha makombora hadi kwenye mizinga. Alisema hofu ilikuwa ndogo kuliko kuchoka.

Hapo akaomba chai. Hakuinywa.

Jumanne, 10 Februari
Amesema yote. Naandika kabla sijatia maneno yangu.

Nyambizi ilipiga meli moja ya msafara. Ikazama upesi. Manowari ikasimama kuokoa watu, kamba zikateremshwa ubavuni. Waliokuwa majini wengi walikuwa wachochea makaa wa meli ile, watu wa pwani yetu, kwa hiyo Baba akaitwa kutoka jikoni awape maelekezo kwa Kiswahili. Walipanda kumi na kitu. Kisha nyambizi ikasikika tena, karibu. Afisa akaamuru meli iondoke na kamba zikatwe. Meli iliyosimama ingepigwa, na nyingine zote zingebaki bila mlinzi.

Kwenye kamba aliyoishika Baba palikuwa na mtu. Uso umejaa mafuta meusi. Alisema, "Mimi Athumani wa Kuze. Nivute, ndugu yangu."

Baba alikata. Kwa kisu cha jikoni.

Nilimchukia. Dakika chache, lakini nilimchukia. Nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumatano, 11 Februari
Kuna zaidi. Vita vilipokwisha alikwenda Kuze, mtaa wa kale wa Mombasa. Akaulizia, akaonyeshwa nyumba. Mke wa Athumani alikuwa anaanua nguo, mtoto wa kike kamshika kanga. Baba akapita kama mpita njia. Hakurudi tena mtaa ule. Alioa, akatuzaa, akazeeka, akaja huku Kanada kwangu. Mama alikufa bila kujua.

Anataka nimtafute yule mtoto. Nimemwambia sina nafasi. Uongo. Naogopa.

Jumamosi, 14 Februari
Alhamisi nilishindwa kujizuia, nikamwomba binamu yangu aliyeko Mombasa amtafute. Hakuhitaji hata siku mbili. Mtoto yule ni Bi Rukia, bibi mwenye wajukuu sasa, bado yuko Kuze. Nimepiga simu saa tatu asubuhi, kwao saa kumi na moja jioni. Nikamwamkia, nikajitaja, nikasema yote. Sauti yangu ilikuwa mbaya.

Bi Rukia akasema: "Sisi tuliambiwa alishuka Bombay akaoa huko. Mama yangu amekufa akimwita mtoro."

Akataka kusema na Baba mwenyewe. Nikaweka simu kwenye spika. Baba alikaa wima.

"Ulipajua kwetu?"

"Nilipajua. Nilifika mpaka mlangoni."

"Ukatuona?"

"Niliwaona."

"Ukapita."

"Nikapita, mwanangu."

"Usiniite mwanao," Bi Rukia akasema, polepole, bila kelele. "Amri ilikuwa ya wazungu. Hiyo naielewa. Lakini mlangoni petu nani alikuamuru?"

Bi Rukia akakata simu.

Jumatatu, 16 Februari
Baba hali chakula. Wanaendelea kubomoa, hashtuki tena. Anatazama ukuta. Nilifikiri akisema atapata nafuu. Ujinga wangu.

Ijumaa, 20 Februari
Hospitali. Maji kwenye mapafu. Daktari, kijana mpole, ameuliza kama tumezungumza kama familia. Nimeelewa anachouliza: Baba akizidiwa, tufanye nini. Leila amekaa na babu yake, anamsemesha Kiswahili chake cha kuvunjika. Zamani alikuwa akimjibu kwa Kiingereza tu.

Jumanne, 24 Februari
Bi Rukia amepiga simu mwenyewe. Nilikuwa kwenye korido ya hospitali. Jana wamemsomea baba yake hitima. Nyumba ilijaa. Vijana wa ukoo wameambiwa babu yao hakutoroka, alikuwa anarudi. Amelia, nami nimelia. Nikamwambia Baba yuko wapi na hali yake.

Akasema, "Mwambie sijamsamehe. Nimejaribu, imekataa. Mwambie pia nimemwombea."

Jumatano, 25 Februari
Usiku kucha nimefikiria kumpa Baba nusu tu ya ujumbe, ile ya dua. Asubuhi nimempa zote mbili, kama zilivyokuja, mdomo karibu na sikio lake.

Alifumba macho. Nikadhani hakusikia. Baadaye akasema, "Haki yake."

Akaomba nimgeuze ubavu. Nimemgeuza. Amelala vizuri, anapumua kwa shida lakini amelala. Nje theluji imeanza. Nimepiga simu kazini kusema kesho siji.