Binti wa Kuhani wa Oni

Malvern, Johannesburg
Machi 9

Kwako Yaya Jeanne, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Magoti yanaendeleaje, na mvua za Bukavu zimekuachia bustani? Sisi tunaendelea. Wifi yako Victoire anakusalimu, cherehani yangu bado inatulisha, na binti yetu Benita ni mzima wa mwili.

Kanisani wamenipa darasa la Biblia la vijana. Unanijua nilivyo msemaji. Jumapili iliyopita nilifundisha habari za Potifera, kuhani wa Oni kule Misri, ambaye binti yake Asenathi aliozwa Yusufu. Nikaieleza nyumba yake kwa madaha: heshima yake, kitani cheupe, wajukuu wake Manase na Efraimu. Nikasema Biblia inamtaja mara tatu tu, na kila mara ni kwa ajili ya binti yake. Kijana mmoja akauliza kuhani alijisikiaje kupata mkwe mgeni, tena aliyetoka gerezani. Kabla sijajibu, Benita akasema eish, Papa, huyo mzee alikuwa na roho nzuri. Nilifunga darasa kabla ya saa.

Unamkumbuka Mthokozisi, yule kijana wa Kizulu. Ulimwita mwongo, ukafunga na kuomba Mungu amwondoe, kwa sababu Jumapili ile ya posa Benita alikaa na kitenge kipya tangu asubuhi, vyakula vikapoa, na wajomba wa kijana hawakutokea.

Walikuja, Yaya. Walikuja Jumamosi, kama barua yao ilivyosema. Niliipokea mimi, nikaisoma peke yangu, nikawaambia Victoire na Benita ni Jumapili. Jumamosi hiyo wao wawili walikuwa wamelala mtaa wa Bertrams kwa rafiki wa Victoire, wakiandaa vyakula. Desturi ya Wazulu ni kusimama langoni wakiita jina la ukoo mpaka wafunguliwe. Wazee watatu waliita jina la baba yetu, wakilitamka vibaya, tangu alfajiri hadi jua likawa kali. Nilikuwa nyuma ya pazia. Sikutaka wajukuu wasiojua lugha yetu. Kijana alipopiga simu, mimi ndiye niliyemshauri Benita asipokee.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu imefika miaka miwili. Mthokozisi ameoa Desemba. Naona aibu, Yaya, naona aibu sana.

Wasalimie Shemeji Placide na wote wa nyumbani. Barua hii ikikufikia, nitakuwa nimemwambia Benita. Akikupigia simu analia, mpokee, wala usinitetee. Amekata tamaa na wanaume wote duniani. Anayemwamini bado ni mimi tu.

Mdogo wako,
Ruphin