Mablanketi ya Watu wa Jangwani

Makambako,
16 Juni

Mama yangu mpendwa,

Kamwene, mama. Nakusalimu kwanza kwa salamu ya nyumbani, ndipo niendelee na Kiswahili changu cha shule. Habari za tangu tulipoachana? Magoti yanakwendaje na baridi hii? Mahindi mmemaliza kuvuna? Obed na mkewe hawajambo? Sisi huku wazima, isipokuwa Jasmine ana mafua yasiyokauka na Danieli anakohoa. Mimi mwili mzima. Kilichochoka ni moyo, ndiyo maana nimekaa chini kuandika.

Najua utashangaa kupata barua zama hizi za simu. Lakini mama, simu yako anaipokea Obed, anaweka spika, na kabla sijamaliza kuuliza hali nyumba nzima inachangia. Haya ya leo hayafai spika. Barua nimempa Mzee Rabson, mwenye nyumba wangu, anayekuja huko kutafuta mbegu za viazi. Isome peke yako, taratibu, na ukifika mahali pa kukasirika kumbuka kwamba mimi nimeshakasirika kwa niaba yetu wote.

Unakumbuka tulivyoagwa mwezi wa kumi na moja. Mkweo Rodrick alikuwa amepiga simu kutoka Riyadh akasema kibali cha kuhamisha familia kiko mbioni, tukae mkao wa kuondoka. Kwaya ya Fidelia ikaimba mpaka nikalia mbele ya usharika mzima, mchungaji akatuwekea mikono, nawe ukamchinja yule jogoo uliyekuwa unamsifia. Na mimi, kwa kiherehere changu, nikagawa mablanketi yote. Lile zito jekundu la maua nikampa Irine wa jirani, lile la kijivu nikampa Fidelia, masweta ya watoto yakaenda kwa watoto wa Obed. Nikasema mbele za watu kwamba huko tunakokwenda hata shuka ni mzigo. Uliponinong'oneza nibakize hata moja la njiani, nilikucheka. Siku ileile ndipo ulipouliza inakuwaje Rodrick analipwa mshahara huko kwa kutengeneza viyoyozi, wakati sisi baridi tunayo ya kumwaga na hakuna anayeitaka.

Baada ya hapo Rodrick akasema tushuke Makambako tusubiri huku wiki mbili tu. Sababu ya kwanza, mabasi ya Dar yanapita hapa. Sababu ya pili, mama, ni kwamba Makambako kuna joto, kwa hiyo watoto waanze kulizoea. Nakuambia, wazo hilo haliwezi kutoka kichwani mwa mtu yeyote isipokuwa mtu wa kwetu. Eti kwa kuwa ukishuka hapa saa saba mchana unaweza kuvua sweta, basi tumekwishafika kwenye kizingiti cha jangwa! Na mimi nikakubali, nikawaambia watoto tunakwenda kufanya mazoezi ya joto. Danieli akashuka kwenye basi amevaa kaptura.

Upepo wa Makambako unaujua. Unapita chini ya mlango, unapita dirishani, unazunguka chumba kizima kama mgeni anayetafuta kiti. Tulianza kujifunika khanga zangu, likafuata pazia, kisha koti kuukuu la Rodrick. Kila nikitaka kununua blanketi, Rodrick ananiambia kwenye simu ya nini kununua, mwezi ujao mnaondoka. Mwezi ujao ukifika, unakuja mwezi ujao mwingine. Mara ofisi zao zimefunga kwa mfungo, mara bosi amesafiri, mara mhuri haujagongwa. Danieli ameliaga darasa lake mara tatu. Ya tatu mwalimu alimwambia akae chini aandike, na wenzake sasa wanamwita Mwarabu.

Na mablanketi yangu yako hapo hapo nyumbani, safari isiyomaliza asubuhi moja, nami siwezi kuyafuata. Obed aliteleza ulimi akaniambia kwamba kila Jumapili kanisani tunaombewa, ndugu zetu walioko katika nchi ya jua kali. Najua uliwaambia watu tumeshaondoka ili kutustiri, na sikulaumu. Lakini hebu fikiri, mama. Watu wanamwomba Mungu anipunguzie jua, na mimi huku meno yanagongana! Kuna Jumapili nilikasirika mpaka nikashindwa kwenda kanisani hapa, nikahisi kama Mungu naye atanishangaa kuniona niko wapi.

Mwezi uliopita nilimwona Fidelia sokoni. Nilijibanza nyuma ya magunia ya maharage, nikajifunika khanga mpaka puani, na Jasmine akapaza sauti kumwita kwa jina lake lote. Nilimvuta mtoto tukapotelea upande wa mitumba. Kama alituona sijui. Nilirudi nyumbani nikalia, maana sijaiba kitu cha mtu, najificha nini?

Sasa ndiyo nafika kwenye lenyewe. Jumanne iliyopita nilikuwa uani nafua, nikaona mwanamume anaingia na begi moja. Ni Rodrick. Nilifikiri amekuja kutuchukua. Sikumaliza hata kumkumbatia, nikaingia ndani na mikono yenye povu nikaanza kukunja nguo za watoto. Akaniambia nisubiri.

Mama, kibali kilitoka tangu Februari. Alikuwa nacho. Hata nyumba alikuwa ameshaiona. Lakini kabla hajaichukua alikwenda kumtembelea Mika, yule fundi mwenzake wa Ludewa, ambaye alikwisha kuhamisha mke na watoto. Anasema dirisha lilikuwa limezibwa kwa karatasi za kung'aa kuzuia jua, watoto walishinda ndani tangu asubuhi, na mlango ulipofunguliwa yule mdogo alifunika macho na kulia kwa sababu ya jua. Rodrick alirudi chumbani kwake akashindwa kutuita. Na kutuambia hatuendi tena nako akashindwa, kwa sababu ya ile kwaya, na yule jogoo, na jinsi watu walivyomsifu. Ndiyo akawa anasema mwezi ujao.

Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa kwa kuwa wewe ni mama mkwe wake. Nilimwambia hakuwa na haki ya kuamua peke yake, na kuniacha natetemeka na watoto kwa safari aliyokuwa ameshaifuta moyoni. Kama angeniambia Februari, tungelia siku mbili tukarudi kulima. Alisema mkataba wake bado upo, mwisho wa mwezi anatakiwa kazini, na kibali kinaweza kuombwa upya. Nikisema twende, tutakwenda wote. Nikisema turudi, ataacha kazi na turudi. Safari hii, akasema, neno ni langu.

Kesho yake asubuhi nilimkuta nje, amekaa juu ya tofali ameegemea ukuta, amenyoosha miguu, amefumba macho, watoto wamembana huku na huku. Wanaota jua, mama, kama tulivyokuwa tunaota pale nyuma ya jiko lako. Nikamwita chai. Akaniomba nimwache kidogo, akasema huko alikotoka jua ni kitu cha kukimbia, na tangu aondoke hajawahi kulikalia. Nilisimama pale na birika mkononi, hasira imenijaa. Bado ninayo hata sasa ninapoandika. Lakini nililiweka birika chini, nikavuta tofali langu, nikakaa.

Basi neno langu ni hili: hatuendi. Tunarudi nyumbani Jumamosi. Najua watacheka, na watakaocheka zaidi ni waliotuombea zaidi. Wacheke. Nimepigwa na upepo wa huku miezi yote hii, kicheko hakiwezi kunifanya kitu. Tufungulie nyumba, ufunguo si unao, uwashe moto ili utoe unyevu. Mwambie Fidelia ukweli wote. Kama alituona sokoni na akanyamaza, Mungu ambariki. Muombe yeye na kwaya yake watafute wimbo wa kupokea watu, maana wa kuaga tumeshaimbiwa wa kutosha.

Nisalimie Obed, shemeji na watoto wao. Danieli na Jasmine wanakusalimu, wanauliza kama yupo jogoo mwingine. Rodrick naye anakusalimu. Nilimpa kalamu aandike mstari wake hapa chini, akaniangalia, akairudisha.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Aneth

Mama, nusura nisahau la muhimu kuliko yote. Barua hii ukiimaliza, vaa viatu uende kwa Irine, kisha kwa Fidelia, ukakusanye mablanketi yangu. Usione haya. Waambie wenyewe wamerudi kutoka jangwani, na wanasikia baridi.