Klachi Iliyoungua Njia ya Ngoliba

Wambui mjukuu wangu,

Hapa Gatongora tuko salama. Goti la guka, babu yako, limepona na ameanza kutusumbua tena. Umeniuliza ununue pikapu ya otomatiki au ya manual, ile ya kubadilisha gia kwa mkono, kwa sababu fundi wako anasema otomatiki hazidumu na manual haifi. Amenikasirisha kweli!

Nikiwa msichana niliendesha pikapu ya manual ya tajiri mmoja wa Ngoliba. Nilimwambia mara tatu kwamba klachi imeisha. Akanijibu, "Wewe endesha tu."

Siku moja jirani yetu Nyokabi alishikwa na uchungu wa kuzaa, nikamkimbiza Thika. Tukipanda mlima, klachi ikaungua. Alijifungulia nyuma ya pikapu, kwenye jua kali, nikiwa nimemshika mkono. Mungu ni mwema, walipona wote wawili. Tajiri alipofika hakumtazama hata mtoto. Alinipigia kelele mbele ya watu, "Wanawake hawajui gia!" Mpaka leo nikikumbuka nachemka.

Kwa hivyo manual nayo hufa isipotunzwa, na otomatiki za siku hizi zinadumu zikitunzwa. Muulize muuzaji oili ya giaboksi ilibadilishwa lini. Akikucheka, ondoka.

Cucu wako,
Wairimu