Kungwi Wako wa Pearland

Dada Rehema,

Nina wivu. Nianze na hilo kabla ya salamu, maana wewe ulikuwa unanijua nikianza kuzungukazunguka maneno, ungeniambia, "Tatu, sema." Basi nasema. Ni wiki ya sita tangu tukuzike. Nimekaa jikoni kwangu DeSoto, kando ya Dallas, chai ya tangawizi iko mezani, na nainywea kwenye kikombe chako cha bluu. Nilikitoa nyumbani kwako Pearland siku tulipopanga vitu vyako. Darlene, yule rafiki yako wa kanisani, alikuwa anakifunga kwenye gazeti vizuri tu, nikakichomoa mikononi mwake. Sikusema hata samahani. Mwanamke wa watu aliniangalia juu ya miwani yake, akachukua kingine akaendelea kufunga.

Unakumbuka Sharpstown, mwanzo wetu wa Houston? Chumba kimoja, godoro moja, mabirika mawili kwa sababu kila mmoja aliamini lake ndilo linalopika chai ya kweli. Wewe ulihudumia wazee asubuhi, mimi jioni, tukikutana saa saba mchana mbele ya sufuria. Hapo ndipo tulipokuwa tunasengenya, tunasoma barua za mama kutoka Muheza, tunalia kidogo, halafu mmoja anakimbilia basi.

Ndipo wakaja wale wasichana wawili wamisionari, sketi ndefu, majina kifuani. Walikukuta ngazini na kapu la nguo zilizotoka kufuliwa, wakakubebea mpaka ghorofa ya pili. Mimi nilidhani wanauza sabuni. Baada ya miezi michache ukaniambia unabatizwa, unakuwa Mmormoni. Nikakuuliza, "Na ule ubatizo wetu wa Kianglikana, maji yalikuwa machache?" Ukacheka mpaka ukashika ukuta. Ubatizo nikaumeza. Kilichonikaa kooni ni chai. Kanisa lako jipya lilikataza majani ya chai, na wewe uliyekuwa huamki bila kikombe ukaanza kunywa maziwa ya moto na tangawizi, umetulia kabisa, kana kwamba hatukuwahi kugombania masalia ya birika. Nilikuona ukinywa maziwa yako, nikajua kuna mahali umeenda bila mimi.

Halafu mimi nikaolewa na Yusto, nikahamia huku Dallas. Wewe ukahamia Pearland, karibu na hospitali ulikopata kazi. Mwaka ulipopita tangu ubatizwe ukapiga simu. "Mdogo wangu, nakuja Dallas. Naingia hekaluni kwa mara ya kwanza." Wakati huo Houston haikuwa na hekalu, ilibidi watu wenu wapande huku. Mimi nikasikia "nakuja Dallas" tu. Nikapika pilau, nikaweka shuka mpya kitandani.

Ulikuja na Darlene. Ndiyo siku niliyomwona kwanza, mrefu, miwani ya mnyororo, sauti ya kwaya. Mlikuwa mmeshachukua chumba hotelini, karibu na hekalu. Nilikuuliza, "Hotelini? Mimi niko hapa?" Ukasema, "Tuna-appointment mapema, Tatu, usijali." Nikajali. Hata hivyo asubuhi nilikuja, kwa sababu sikutaka uingie mahali pakubwa bila ndugu. Nikakufuata mpaka mlangoni, wewe na kisanduku chako cheupe mkononi. Mzee aliyevaa suti nyeupe akaangalia kadi yako ya ruhusa, akaangalia ya Darlene, akatabasamu. Akaniangalia mimi, akatabasamu vilevile, akanionyesha kiti cha kungojea. Darlene akakushika mkono mkaingia. Hukugeuka.

Nilikaa kwa muda wa karibu saa tatu. Nilisoma kijarida kimoja mpaka nikakijua kwa moyo. Mlipotoka macho yako yalikuwa mekundu na yanang'aa, na mtu wa kwanza kukumbatiana naye mlangoni alikuwa Darlene. Nikakuuliza, "Haya, mmefanya nini humo?"

"Siwezi kusema. Si siri, Tatu. Ni takatifu."

"Darlene anajua?"

"Kila anayeingia mara ya kwanza ana mtu wa kumsindikiza," ukasema, halafu ukaongeza kama vile unanipa zawadi, "Yeye ndiye kungwi wangu."

Rehema, neno hilo ulikuwa na haki ya kumwambia mtu yeyote duniani isipokuwa mimi. Umesahau nyumba ya bibi? Ulipowekwa ndani kwa unyago mimi nilikuwa bado mtoto, nikabaki nje. Nilichungulia kwenye ufa wa ukuta mpaka bibi akanimwagia maji ya kuoshea vyombo. Ulipotoka, umepakwa mafuta, khanga mpya, shingo imenyooka, nilikufuata siku nzima nikikuuliza mmefundishwa nini. Ukasema, "Subiri zamu yako." Nililia. Nilikuchukia kama wiki mbili. Na zamu yangu ilipofika, wewe ndiwe uliyenishika mkono pale mlangoni. Ukaniambia, "Zamu yako. Ingia." Tangu siku ile hatukuhitaji kuulizana, na hakuna aliyeongea nje. Kungwi hachaguliwi kwa sababu ana gari zuri la kusafiria kutoka Pearland. Kungwi ni wa maisha.

Mkawa mnakuja kila baada ya miezi miwili mitatu. Mara nyingine nilijua mlikuwa hapa mkiwa mmesharudi. Ulikuja kwenye mji ninaoishi, ukala na mtu mwingine, ukalala na mtu mwingine chumba kimoja, ukarudi. Wenzako kule walikuita Sista Rehema, nawe ukimwita Sista Darlene, na hamkuwa watawa. Yusto akasema nimwache mtu na dini yake. Ni kweli. Lakini Yusto hakuzaliwa na wewe.

Ndipo nikaanza upuuzi wangu wa karatasi. Yusto alikuwa amepata intaneti kazini, nikamwomba anichapishie kila kitu kuhusu ibada za hekalu lenu. Alileta rundo. Wengine waliandika kwamba sehemu kubwa ilichukuliwa kwa Wamasoni, wale Freemason, maana mwanzilishi wenu alikuwa amejiunga nao muda mfupi kabla ya kuzifundisha. Wengine wakajibu kwamba hapana, ni mambo ya kale ya hekalu la Sulemani, Wamasoni wenyewe ndio waliobaki na makombo. Wengine wakasema asili si hoja, hoja ni maana. Mimi sikuwa natafuta ukweli, dada. Nilikuwa natafuta fimbo. Nikakupigia simu nikakusomea kurasa za Wamasoni kama karani wa mahakama.

Ukasema, "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Unyago wetu bibi aliutoa wapi?"

"Si mila zetu."

"Wazigua wanasema ni wao. Wadigo wanasema ni wao. Bibi mwenyewe alisema nyimbo nyingine zililetwa na watu wa pwani. Sasa ulipotoka ndani, ulikuwa Tatu mwingine au hukuwa?"

Ukaendelea polepole, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi: "Mimi humo siendi kusoma historia. Humo naahidi mambo kwa Mungu, nikitoka najaribu kuyashika. Labda kuna aliyeazima, sijui. Mwenye kuazima sufuria bado anapika chakula chake." Nikakwambia una majibu ya Darlene. Nikakata simu. Hilo jibu halikuwa la Darlene hata kidogo, Darlene angelijulia wapi sufuria. Nilijua hivyo hata nilipokuwa nakata.

Halafu likaja kosa langu kubwa, ambalo hatukuwahi kulizungumza. Houston nayo ikajengewa hekalu. Ukanipigia, sauti imepanda kama ya siku za Sharpstown. "Tatu, sikiliza! Kabla hawajaliweka wakfu wanafungua milango kwa watu wote. Wote! Huhitaji kadi. Unavishwa vifuniko vyeupe juu ya viatu usichafue mazulia, unatembezwa vyumba vyote. Wakishaliweka wakfu, basi, milango inafungwa. Ticket yako nimeshachukua, ni ya Jumamosi. Nataka uone ninapokaa nikikuombea."

Nikasema, "Nina shift Jumamosi."

"Omba mtu mbadilishane."

"Haiwezekani."

Sikuwa na zamu. Jumamosi ile nilisuka nywele za jirani, nikakaanga maandazi ambayo hakuna aliyeyataka. Miaka yote nililalamika kwamba nimefungiwa mlango, na ulipofunguliwa nikakaa nyumbani, kwa kuwa ulifunguliwa kwa kila mtu. Nilitaka uvunjwe kwa ajili yangu peke yangu. Jioni ulipiga simu ukasema palikuwa pazuri. Ukasema chumba kimoja kimejaa mwanga tu, watu wanakaa kimya wakiwaza waliowapenda. Ulikaa pale, ukaniwekea kiti cha pembeni. Nikasema nimechoka, tuongee kesho.

Ugonjwa ulipokushika nilishuka kila nilipopata siku mbili. Lakini mwenye kukaa na mgonjwa ni jirani. Nilipofika nilimkuta Darlene ameshabadilisha shuka, ameshajua dawa gani inakutapisha. Mimi ni nesi, Rehema. Nilisimama nyumbani kwa dada yangu, naelekezwa na Darlene, mwalimu mstaafu, mahali pamba zilipo. Nilikuwa nakwenda bafuni kununa.

Na ulipotuacha, nilimkuta kwenye nyumba ya mazishi kabla yangu, ameshika kile kisanduku cheupe. Nilijua maana yake. Wale wenzako walioingia hekaluni huzikwa na mavazi yao ya humo, na kwa desturi wanaowavisha ni walioingia pia. Nilivisha wangapi kazini, wazee nisiowajua hata jina la pili, nimewafunga vifungo kwa heshima zote. Dada yangu wa tumbo moja avishwe na mwingine, mimi nikae tena kwenye kiti cha kungojea? Nikasimama mlangoni. Nilikuwa tayari kupigana na mwanamke wa miaka sabini.

Darlene akaweka kisanduku chini, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Aliniambia nikupe hapa hapa," akasema, "si kabla. Na askofu ameshakubali." Askofu mwenyewe, maana kwenu si kasisi wa kulipwa, ni yule jamaa wenu anayeuza bima siku za wiki. Nikaifungua. Mwandiko wako ulikuwa umelegea, lakini ni wako. *Tatu. Zamu yako. Ingia.*

Nikaingia.

Tulikuvisha wawili. Darlene hakunieleza maana ya kitu hata kimoja. Alinionyesha kwa vidole tu, fundo liwe upande huu, hiki kianze, hiki kifuate. Ilipobaki shela ya kufunika uso, akarudi nyuma. "Hii alisema ni yako," akasema. Akatoka, akafunga mlango. Kwa chini nilikiona kivuli cha viatu vyake, amesimama palepale nje, anangoja. Nikakutazama vya kutosha. Nikakuimbia kidogo ule wimbo wetu wa ndani, kwa sauti ya chini. Kisha nikakufunika.

Njiani kurudi Yusto aliuliza, "Haya, wamemvisha nini? Yale ya kwenye karatasi ni kweli?"

"Siwezi kusema."

"Hata mimi mumeo?"

"Hata wewe."

Alinuna mpaka Corsicana, tukiwa karibu kufika nyumbani. Karatasi zake nimezitupa.

Sasa, sababu hasa ya barua hii. Jumapili Darlene alinipigia. Nikadhani anataka kikombe, nikajiandaa kukataa. Akazungukazunguka, hali ya hewa, maua ya kaburini, mwisho akasema, "Naomba nikuulize kitu, usikasirike. Rehema aliwahi kuniambia mlipokuwa wasichana kuna nyumba mliingia, wewe na yeye. Miaka kumi nimemuuliza mlifanya nini humo. Akanikatalia. Kila mara akikutaja wewe alikuwa na sura kama ya mtu aliyefunga mlango, mimi niko nje." Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Nilikuwa nakuonea wivu sana."

Nilikaa chini, dada. Miaka yote ile. Ulituweka wote wawili nje, kila mmoja na mlango wake, na ukatupenda sawasawa.

Alikuwa anangoja jibu. Nikafikiri nimpe kidogo tu, kwa huruma. Kisha nikakumbuka maji ya bibi.

"Siwezi kusema, Darlene," nikamwambia. "Lakini njoo huku Dallas. Usichukue hoteli. Nitakuchemshia maziwa."

Anakuja Ijumaa. Shuka mpya nimeshatandika. Kikombe cha bluu simpi.

Lala salama, mtangulizi wangu wa kila mlango. Nikifika kwenye huo ulioingia sasa, usimtume mtu mwingine kunipokea.

Mdogo wako wa toka nitoke,
Tatu